Namba zinalingana, lakini je, mtutu ni wake?

SWALI: Shikamoo mzee. Naishi Houston, Marekani, ila kwetu ni Tanga. Babu mzaa babu yangu alikuwa askari wa Mjerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Nimeona bunduki ya Mauser, Gewehr 98, inauzwa hapa. Juu imeandikwa Danzig 1917, yaani kiwanda na mwaka. Muuzaji anasema ilibebwa na askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, huko Afrika Mashariki, na kwamba mtutu ni ule ule wa kiwandani kwa kuwa namba zinalingana: 6283 kwenye mtutu, 6283 kwenye chuma kinachoshika mtutu. Ila nimeona kwenye chuma kuna herufi k chini ya namba, na kwenye mtutu hakuna herufi. Bunduki yote ni nyeusi, ndani ya mtutu panang'aa sana, na kilengeo cha nyuma kinaanzia mita 100. Anataka karibu mara mbili ya bei ya nyingine za aina hiyo. Nitajuaje kama mtutu ni wa kweli kabla sijatoa pesa?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Usitoe pesa bado. Umeuliza swali zuri, na umefanya jambo ambalo wanunuzi wengi hawalifanyi: umeangalia chuma kwa macho yako na ukaandika ulichokiona. Kwa hayo machache uliyoyaandika naweza kukwambia mengi.

Muuzaji anakuuzia vitu viwili kwa bei moja. Kimoja ni mtutu, kingine ni hadithi. Ameviunganisha ili ukikubali kimoja uone umeshakubali na cha pili. Vitenganishe. Mtutu wa asili kabisa hauthibitishi kwamba bunduki ilifika kwenye mapigano ya Tanga au ya Mahiwa, upande wa Lindi, na bunduki iliyofika huko ingeweza kabisa kuwa na mtutu wa pili au wa tatu. Nitaanza na hadithi, maana yenyewe haihitaji hata kufungua skrubu moja.

Bunduki iliyotengenezwa Danzig mwaka 1917 haikufika Afrika Mashariki mikononi mwa Wajerumani. Haikuwa na njia. Vita vilipoanza Agosti 1914, bahari ilifungwa na Waingereza. Meli mbili tu za mizigo zilipenya: Rubens, iliyoingia ghuba ya Manza kaskazini ya Tanga Aprili 1915 huku ikipigwa na manowari ya Waingereza, Hyacinth, na Marie, iliyotia nanga Sudi, upande wa Lindi, Machi 1916. Baada ya Marie hakuna meli nyingine iliyofika. Novemba 1917 Wajerumani walijaribu kwa anga: chombo cha hewa L59, puto kubwa lenye injini, kiliondoka Jamboli, Bulgaria, kikavuka Misri, kikafika juu ya Sudan kisha kikageuka kurudi bila kushusha chochote. Basi chuma kilichogongwa 1917 kingepita wapi? Hapo hadithi ya muuzaji imekwisha, na hatujaugusa mtutu.

Nikuongezee jingine, kwa kuwa wewe ni mtoto wa Tanga na jambo hili ni la kwenu. Watu hudhani kila askari wa Schutztruppe, jeshi la Mjerumani huku kwetu, alibeba Gewehr 98. Sivyo. Vita vilipoanza kampuni nyingi zilikuwa bado na bunduki ya mfano wa 1871, ya milimita 11, inayotumia baruti ya moshi na kupakiwa risasi moja moja. Askari akifyatua, wingu jeupe linasimama juu ya kichwa chake na adui anajua pa kulenga. Mapigano ya Tanga ya Novemba 1914 ndiyo yaliyobadilisha mambo kwa kiasi: silaha walizoziacha Waingereza na Wahindi ufukweni zilitosha kampuni tatu kupata bunduki za kisasa, pamoja na bunduki za rashasha 16 na risasi zipatazo 600,000. Novemba 1917 wakavuka Ruvuma, wakaishambulia kambi ya Wareno Ngomano, wakachukua bunduki za Kireno. Na siku Lettow-Vorbeck alipoweka silaha chini Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, bunduki zilizokabidhiwa zilikuwa 1,071, na zote zilikuwa za Kiingereza na za Kireno. Kwa hiyo mtu akikuletea Mauser ya Kijerumani akasema ni ya askari wa mwisho wa Lettow, muombe karatasi, na karatasi hiyo iwe ya zamani kuliko biashara yake.

Sasa tuje kwenye mtutu.

Kabla ya kupima chochote, jua unatafuta nini, maana neno "asili" kwenye biashara hii linabeba mambo matatu tofauti. Kuna mtutu uliofungwa kiwandani siku bunduki ilipozaliwa. Kuna mtutu uliofungwa baadaye na jeshi lenyewe, kwenye karakana yake, kwa sababu wa kwanza ulikwisha au ulipinda. Na kuna mtutu uliofungwa na mfanyabiashara au fundi wa mtaani miaka mingi baada ya vita, ili kitu kilichokufa kiuzike. Kwa maoni yangu aina mbili za kwanza zote ni za kweli. Bunduki ya vita ilikuwa chombo cha kazi. Mitutu ilichakaa, ikabadilishwa, ikarudi mstari wa mbele. Mtu anayedharau mtutu uliobadilishwa na jeshi mwaka 1917 anaidharau historia yenyewe. Ninachokipinga kwa nguvu zote ni mtu kuchukua tupa na msasa, kufuta namba ya mtutu mwingine, kisha kugonga namba mpya ili ionekane ni ya kiwandani. Huyo anafuta ushahidi ambao hakuna atakayeurudisha.

Wajerumani wametusaidia sana, kwa sababu walikuwa wakigonga namba kila mahali. Kwenye Gewehr 98 namba kamili inakaa ubavu wa kushoto, mara moja kwenye mtutu na mara moja kwenye risiva, yaani kile chuma kinachopokea mtutu kwa mbele na bolti kwa nyuma. Vipande vidogo kama skrubu na pete vilipewa tarakimu mbili za mwisho tu. Kinachowapita wengi ni ile herufi. Kila kiwanda kilianza kuhesabu upya kila mwaka. Kilipokaribia elfu kumi kikarudi mwanzo na kuongeza herufi a, duru iliyofuata b, na kuendelea. Kwa hiyo 6283 bila herufi na 6283 k ni bunduki mbili tofauti za Danzig za mwaka ule ule, na kati yao zilitengenezwa makumi ya maelfu ya nyingine.

Hebu fikiria maana yake kwa bunduki yako. Mtutu wa bunduki nyingine kuwa na tarakimu zile zile nne kwa bahati tu ni jambo la nadra mno. Kinachobaki ni mambo mawili. Ama herufi ilikuwepo na imefutika, labda mtutu ulisuguliwa kabla ya kupakwa weusi. Au mtu fulani, baadaye, aliugonga mtutu huu ufanane na risiva na hakujali herufi. Mafundi wa karakana za Kaizari, mfalme wa Wajerumani, walijua umuhimu wa herufi. Waliokuja baadaye, katika nchi nyingine, wengi hawakuihitaji. Nikiwa nimesimama mbele ya meza ya muuzaji, ningeelemea hilo la pili.

Namba haiji peke yake. Karibu nayo, kwenye mtutu, kunatakiwa kuwe na herufi ndogo zenye taji juu yake. Hizo ni za wakaguzi; kila hatua ya kazi ilikuwa na mkaguzi wake. Tena kuna tai mdogo wa jaribio la risasi: baada ya mtutu kufungwa, bunduki ilifyatuliwa kwa risasi yenye nguvu kupita kawaida, ikisalimika inagongwa tai kwenye mtutu na kwenye risiva. Mara nyingi utakuta pia kipimo cha tundu, kama 7,9 au chenye tarakimu moja zaidi, kikiwa na mkato kama Wajerumani wanavyoandika. Mtutu wenye namba safi inayolingana lakini usio na taji wala tai hata mmoja ni mtutu wa kuutilia shaka mara moja. Hakuna mkaguzi wa Danzig aliyeacha kitu kipite bila alama.

Angalia pia mwandiko. Kiwanda kilitumia vyuma vyake vya kugongea, na tarakimu zina sura yake: mkia wa 6, tumbo la 3, urefu, nafasi katikati. 6283 ya mtutu na 6283 ya risiva ziweke kwenye picha moja, uzikuze, uzilinganishe moja moja. Zikiwa za mkono mmoja utaziona ndugu. Zikitofautiana, usikimbilie kusema ni feki. Mtutu uliobadilishwa na jeshi ungegongwa na vyuma vya karakana, si vya kiwanda, na ungekuwa na alama ya mkaguzi wa karakana hiyo. Mwandiko tofauti wenye muhuri wa mkaguzi una historia ya kijeshi nyuma yake. Mwandiko tofauti usio na muhuri wowote hauna wa kuusemea.

Kuhusu weusi. Hapa ndipo wanunuzi wanaponaswa bila kujua, kwa sababu macho hupenda vitu vinavyofanana. Gewehr 98 ya enzi ya Kaizari kwa kawaida ilitoka kiwandani ikiwa na mtutu mweusi na risiva nyeupe, yaani chuma kitupu kilichosuguliwa, bila weusi. Bolti pia nyeupe. Mtu asiyejua akiona mtutu mweusi kwenye risiva ya rangi ya chuma anasema mtutu umebadilishwa, kumbe ndivyo ilivyotakiwa. Na akiona yote nyeusi sawasawa anafurahi, kumbe hapo ndipo pa kuuliza. Unaposema bunduki yako yote ni nyeusi, ninachokisikia ni kwamba imepita mkononi mwa fundi baada ya kutoka Danzig. Jambo hili peke yake halitoshi kuhukumu, lakini lina mwenzake.

Mwenzake ni kilengeo. Kilengeo cha nyuma cha Gewehr 98 kinakaa juu ya mkono wa chuma uliovishwa kwenye mtutu, kwa hiyo kila unapokisoma unasoma habari za mtutu. Kile cha asili ni kikubwa, kina kuta mbili zilizopinda kupanda juu, na baada ya jeshi kuhamia risasi mpya yenye ncha kipimo chake kilianzia mita 400 hadi 2,000. Ndiyo, mita 400 ndiyo ilikuwa karibu kabisa. Askari akilenga mtu wa mita 100 alifundishwa kulenga chini. Vita vya mahandaki vilionyesha ubaya wa mpango huo, na bunduki nyingi zilizorekebishwa baada ya 1918 ziliwekewa kilengeo bapa kinachoanzia mita 100. Cha kwako kinaanzia 100. Unganisha na weusi na ile herufi iliyokosekana: una bunduki iliyofunguliwa na kufanyiwa kazi upya miaka ya amani.

Ni nani aliyeifanyia kazi? Hilo linaweza kujulikana. Tazama juu ya risiva kama kuna 1920 imegongwa karibu na 1917. Hiyo ni alama ya mali ya serikali ya Ujerumani baada ya vita, jeshi lilipopunguzwa hadi watu 100,000. Tazama kama kuna tai wadogo wenye tarakimu chini yao, hao ni wakaguzi wa miaka ya 1930. Na tazama sana kama kuna mwezi na nyota au maandishi T.C. AS.FA. ANKARA. Waturuki walikuwa upande wa Ujerumani vitani, walipata Mauser nyingi, na baadaye karakana ya Ankara ilizikusanya za kila aina, ikazifungua, ikachanganya vipande, ikazipa namba mpya, ikazisuka upya. Baada ya miongo mingi zikaja Marekani kwa wingi kama mali ya ziada. Bunduki ya Ankara ni kitu halali na chenye historia nzuri, lakini mfanyabiashara mwenye msasa anaweza kuufuta mwezi na nyota akabaki na jina la Danzig. Pale juu ya risiva, ukiona sehemu imelala bapa kuliko kando yake, jua kulikuwa na kitu.

Chunguza vivyo hivyo kwenye mtutu. Chukua tochi, zima taa za chumba, laza mwanga karibu sambamba na chuma, ukiutembeza taratibu kutoka risiva kwenda mbele. Mtutu ni duara. Mwanga unatakiwa upite kama mstari mmoja ulionyooka. Ukifika palipofutwa namba, mstari unalegea, unapanuka au unakatika, kwa sababu duara limeliwa pale. Kisha shika lenzi ya kukuzia, uangalie ndani ya tarakimu zenyewe. Namba iliyogongwa zaidi ya miaka 100 iliyopita ina kingo zilizolainika na kutu ile ile ya jirani imeingia mpaka chini. Namba ya juzi ina kingo kali zilizoinuka kidogo, na chini yake chuma kimekaa kisafi, au kina weusi wa kemikali usiofanana na wa pembeni. Pitisha ukucha juu yake. Namba mpya utaihisi kabla hujaiona.

Palipokutana mtutu na risiva napo pana maneno. Mtutu unaingia kwa hesi, na kuutoa kunahitaji jiriwa yenye nguvu upande mmoja na spana ndefu upande wa pili. Kazi ya haraka huacha makovu: meno ya jiriwa kwenye mtutu, mikwaruzo kwenye risiva. Mara nyingi pia kuna mstari mdogo uliochongwa kiwandani ukivuka kutoka mtutu hadi risiva, ili fundi ajue kilengeo kimesimama wima. Nusu mbili za mstari huo zikiwa zimepishana, au nusu moja haipo, mtutu umewahi kutoka.

Muombe mwenye mali, au fundi bunduki, aitoe mbao. Usimruhusu akwambie haiwezekani. Skrubu mbili za chini na pete za mbele, basi. Chini ya mbao ndipo mtutu unapokaa bila kuguswa na mikono ya watu. Utaona weusi wa kwanza kama upo, alama za waliotengeneza chuma cha mtutu, na utaona jambo ambalo halighushiki kirahisi: mpaka wa kutu. Pale mbao inapoishia, unyevu hukaa, na baada ya miaka mingi chuma huweka mstari unaofuata ukingo wa mbao ile. Mstari huo kwenye mtutu ukikutana sawasawa na mbao uliyoitoa, viwili hivyo vimeishi pamoja muda mrefu. Ukiwa mahali pengine, mmoja wao ni mgeni.

Sasa ndani. Hakikisha kwanza kwa macho na kwa kidole kwamba bunduki haina risasi, na bolti umeitoa. Gewehr 98 ina mifereji minne inayozunguka kuelekea kulia, duru moja kamili kwa kila sentimita 24. Unaweza kupima mwenyewe: funga kitambaa kinachobana kwenye fimbo ya kusafishia yenye mpini unaozunguka, tia alama kwenye fimbo, isukume polepole, uone imekwenda umbali gani mpaka alama irudi juu. Urefu nao: rudisha bolti tupu, ifunge, shusha fimbo kutoka mdomoni hadi iguse uso wa bolti, tia alama, pima. Unatafuta milimita 740 hivi. Mtutu uliokatwa mdomo au uliotoka kwenye karabini, ambayo ni fupi zaidi, utajitaja wenyewe.

Mng'ao wa ndani unaousifia mimi unanitia wasiwasi. Risasi za zama zile zilikuwa na fataki zenye chumvi, na chumvi hiyo ilibaki ndani baada ya kila ufyatuaji. Askari asipoosha kwa maji siku hiyo hiyo, hasa kwenye joto la pwani au mvua za Rufiji, kutu inaanza kula, kisha vishimo vinabaki milele. Bunduki iliyotembea miaka minne porini kutoka Kilimanjaro hadi Abercorn ikawa na tundu linalong'aa ni habari ya kushangaza sana. Mtutu wako huenda ni mpya uliofungwa kwenye ukarabati na haukutumika sana baadaye. Kwa mtu anayetaka kupiga shabaha ni sifa. Kwa mtu aliyeuziwa hadithi ya askari ni ushahidi wa kinyume.

Nikugusie na usalama, kwa kuwa yuko msomaji atakayekwenda kujaribu. Mitutu ya mwanzo kabisa ya aina hii ilikuwa na mifereji yenye kina kidogo. Risasi ya S, ile mpya yenye ncha iliyoanza 1903, ilikuwa nene zaidi, milimita 8.22 badala ya takriban 8.1, na bunduki zilizorekebishwa kuipokea ziligongwa S. Usifyatue bunduki yoyote kongwe ya Kijerumani mpaka fundi amepima tundu na chemba, yaani pale risasi inapokaa. Na kwa walioko nyumbani, Tanzania, Kenya na kwingineko: usidhani ukongwe wa bunduki unaiondoa kwenye sheria ya silaha. Ukiikuta darini au shambani, iache ilipo uwaite polisi.

Njia hii ya kusoma namba haihamishiki bila kubadilishwa kwenda kwenye bunduki za mataifa mengine, na nimeona watu wakipotea kwa sababu hiyo. Lee-Enfield ya Kiingereza, ambayo wazee wetu wa King's African Rifles, jeshi la Mwingereza huku kwetu, waliikumbuka, ina namba kwenye mtutu, risiva, bolti na hata kipande cha mdomoni, na mara nyingi mtutu una mwaka wake kwa tarakimu mbili, kama '17. Kwa hiyo unalinganisha namba na tarehe kwa pamoja. Lakini M1 Garand ya Kimarekani haina namba ya bunduki kwenye mtutu kabisa. Iliyotoka kiwanda cha Springfield Armory utasoma mwezi na mwaka kwenye mtutu, kisha unaangalia kama tarehe hiyo inatangulia kidogo tu kutengenezwa kwa risiva. Mitutu ya Winchester ya wakati wa vita haikuwekwa tarehe. Mtu akikwambia "namba za mtutu wa Garand zinalingana" mshukuru, uondoke.

Turudi kwako. Mwandikie muuzaji umuombe picha saba: ubavu wa kushoto ukionyesha namba zote mbili kwa karibu, ubavu wa kulia wenye herufi nyingine za taji, juu ya risiva, kilengeo kutoka juu na kutoka pembeni, sehemu ya chini ya mtutu mbao ikiwa imetolewa, na mdomo. Karibu na mdomo angalia jina la kampuni na mji wa Marekani. Sheria yao ya silaha ya 1968 inamtaka anayeingiza bunduki agonge jina lake, na wengi hupenda kuligonga hapo. Ukilikuta, bunduki iliingia kama mali ya biashara baada ya mwaka huo, na habari yoyote ya ofisa wa Kiingereza aliyeibeba kutoka Afrika kwenye sanduku lake haina pa kukaa. Akikataa kutoa mbao ilhali anadai bei mara mbili, umeshapata jibu lako.

Picha zikija zikaonyesha muhuri wa karakana ya jeshi lolote, ya Wajerumani au ya Waturuki, mtutu ni wa kweli kwa maana yangu ya pili, na bunduki inastahili bei ya kawaida ya Gewehr 98 iliyokarabatiwa. Si senti zaidi kwa ajili ya Lettow. Zikionyesha duara lililoliwa na namba yenye kingo kali, mwachie.

Na kama nia yako hasa ni kushika kitu cha aina aliyobeba babu yako, ungetafuta kwingine. Anza na babu mwenyewe: alijiunga lini, kampuni gani, alitekwa au alifika Abercorn? Kama aliingia kabla ya vita, tafuta bunduki ya mfano wa 1871. Mtutu wake wa milimita 11 ni vigumu kuughushi kwa faida. Kama alivuka Ruvuma akaendelea hadi mwisho, mtafutie ile ya Kireno, Mauser-Vergueiro ya 1904, yenye nembo ya mfalme Carlos juu ya risiva. Nayo ina mtego wake wa mtutu: nyingi zilibadilishwa mwishoni mwa miaka ya 1930 zitumie risasi ya milimita 7.9, na mtutu ukawa mfupi. Iliyobaki na mtutu wake mrefu wa milimita 6.5 ndiyo ya enzi za Ngomano. Pima tundu kwanza, kisha ndipo umsikilize muuzaji.